Birika na Anga la Uani

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ametangaza asubuhi, amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Mwenye kiwanda cha mabirika anataka picha ya jalada la katalogi yake. Mimi na Bi Kipimo tutengeneze kila mtu ya kwake. Yule ambaye picha yake itachaguliwa atakuwa mkuu wa kitengo cha picha.

Kitengo kina watu wawili. Mimi na Bi Kipimo.

Nieleze kazi, kwa ajili ya atakayesoma shajara hii nikishafanikiwa. Tunatengeneza picha za vitu ambavyo bado havijatengenezwa. Birika lenyewe halipo. Liko ndani ya kompyuta, limechorwa pande zote, limekaa gizani kama kitu kilichosahaulika stoo. Lazima uliwashie taa za kubuni, ndipo kompyuta ikae saa kadhaa ikiipika picha. Mimi huwasha taa nne. Siku zote nne. Mtu awe na msimamo.

Jina la Bi Kipimo nimempa mimi, kwa sababu hupima kila kitu, hata umbali wa kiti chake na ukuta. Yeye hukaa dirishani. Mimi hukaa karibu na mlango wa choo. Alikuja kazini miaka mitatu baada yangu.

Jambo moja naliandika hapa tu. Mama mkwe anajua mimi tayari ni mkuu wa kitengo. Nilimwambia siku nilipokwenda kuposa. Aliuliza kazi yangu ni ipi hasa, na ulimi ukanitangulia. Tangu siku hiyo anawasimulia majirani. Kwa hiyo mimi siombi cheo. Nasahihisha kumbukumbu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeonyesha picha yangu ya kwanza. Bosi ameitazama kwa muda, akauliza kama ni birika la plastiki. Nikasema ni chuma kisichoshika kutu. Akasema basi kimejificha vizuri.

Kisha akafungua ya Bi Kipimo. Sikupenda nilichokiona. Birika lake lilikuwa na mng'ao ambao ulimfanya Bosi arudishe mkono nyuma, kana kwamba angeungua. Ubavuni kulikuwa na anga, mawingu, ukingo wa paa. Kivuli kimekaa mezani kwa adabu, kikali karibu na birika, laini kwa mbali.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ametumia taa ngapi. Akasema hata moja. Nikajua ananificha. Kumbe akavuta kiti akakaa kunieleza. Unakwenda mahali pa wazi na kamera. Unapiga picha pande zote, na kila upande unaupiga mara saba, kuanzia giza tupu mpaka weupe tupu. Ile ya giza inalishika jua peke yake. Ile nyeupe inashika vilivyojificha kivulini. Kompyuta inaziunga zote ziwe picha moja ya duara, wenyewe huiita HDR, na picha hiyo inakumbuka kwamba jua limeuzidi ukuta kwa mwanga mara maelfu. Duara hilo unalifunikia birika kama unavyofunika chakula kwa kawa. Basi. Anga lenyewe ndilo taa.

Akasema anga lake liko kwenye folda ya ofisi. Nichukue tu, kaka.

Mimi si mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Nikitumia anga lake, nusu ya ushindi ni wake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimefika mpaka kuvuta kiti.

Nitapiga anga langu mwenyewe. Jioni nimelipiga kwa simu, dirishani. Mara moja tu. Mara saba ni mbwembwe.

Jumatano, 6 Machi

Picha imetoka. Birika linaonekana kama limechemshwa kisha likajuta. Kivuli ni chepesi kama chai ya mgeni asiyetakiwa.

Bi Kipimo alipita nyuma yangu. Akasema ukipiga mara moja tu, jua linakuwa kiduara cheupe kisichozidi karatasi, halina nguvu ya kutupa kivuli. Nikamjibu kwamba nilikusudia hali ya mawingu. Akasema, "Sawa, kaka," akaenda zake. Habishani. Hilo ndilo linaloniudhi kwake.

Nimebuni mpango.

Mimi na mke wangu tunaishi vyumba viwili vya uani kwa mama mkwe. Kwa muda tu, huu ni mwaka wa tatu. Uwanja wake una anga kubwa kuliko mahali popote ninapopajua. Hakuna mti, hakuna ghorofa. Jua zuri ni saa sita mchana. Alhamisi mama mkwe huenda kwenye kikundi chake cha akina mama na harudi kabla ya saa tisa. Mke wangu anakuwa saluni, anasuka. Uwanja unabaki wangu.

Ilibaki ruhusa. Kumwambia Bosi naenda kupiga anga ni kumfunulia Bi Kipimo chungu kabla hakijaiva. Kwa hiyo nilimwambia Bosi kwamba mama mkwe amelazwa. Akauliza hali yake. Nilitaka kusema anaumwa kidogo, lakini "kidogo" haimpatii mtu siku nzima. Nikasema mahututi.

Bosi akaweka kikombe chini. Alikuwapo harusini kwangu, akakaa meza moja na mama mkwe, na mama akamlazimisha kurudia sahani. Akauliza, "Mama yule yule wa kilemba cha njano?" Nikainamisha kichwa. Akataka ofisi nzima iende kumwona. Nikasema madaktari wamezuia watu. Akanishika bega, akasema niende nikamuuguze.

Kamera ya ofisi na stendi yake nimevitoa nje vikiwa ndani ya mfuko mkubwa, nikasema ni nguo za mgonjwa. Bi Kipimo akanisaidia kuubeba mpaka ngazini. Alisema tu kwamba mgonjwa ana nguo nzito.

Alhamisi, 7 Machi

Kikundi cha akina mama kimeahirishwa.

Nimemkuta mama mkwe uani, mzima kuliko mimi, na kilemba chake cha njano na beseni la nguo. Akauliza mbona mkuu wa kitengo yuko nyumbani saa sita. Nikasema wakuu hufanyia kazi popote. Akasema vizuri, ila nisikanyage alipofagia.

Nikasimamisha stendi katikati ya uwanja, palipofagiwa, maana ndipo katikati. Upande wa kwanza, mara saba. Kabla sijamaliza mama akakatiza mbele ya ukuta, polepole, na ndoo yake. Nikamwomba kwa heshima akae ndani kidogo.

"Ndani ya nyumba yangu, au ndani ya nyumba yako?"

Nikageuza kamera upande mwingine. Yeye naye akahamia upande huo kuanika shuka. Nikageuza tena. Safari hii alikuja moja kwa moja mpaka kwenye lenzi, kidole mbele, akauliza hicho kidude kinamwangalia nini. Nikamwambia kinapiga anga, hakina habari na watu. Akainama akachungulia ndani yake kwa muda mrefu, bado amenyoosha kidole. Mimi muda wote nilikuwa nimechuchumaa chini ya stendi ili nisionekane.

Pande sita, mara saba kila upande. Arobaini na mbili, sikuruka hata moja. Kwa habari ya mama, birika lenyewe ni dogo na la mviringo. Nani ataona.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeingia ofisini na uso wa majonzi. Umepokelewa vizuri. Bosi akauliza mgonjwa anaendeleaje, nikasema bado hajafumbua macho. Bi Kipimo akaniachia kiti chake cha dirishani kwa siku nzima, akasema mtu mwenye mgonjwa anahitaji hewa. Ni kiti kizuri. Kutoka pale choo hukisikii kabisa.

Nimeunga picha, nimelifunika birika kwa anga langu, nimeiacha kompyuta ipike. Saa tisa imetoka.

Niseme ukweli bila kujisifu: ni nzuri. Jua lipo. Chuma ni chuma. Kivuli unaweza kukiokota. Nimesimama hatua tatu nyuma kuitazama, ambayo ndiyo hatua ya heshima kwa picha kubwa.

Bi Kipimo akaja kuangalia. Akasema kivuli kimetoka vizuri sana, na alikuwa anamaanisha. Kisha akauliza kama nimekuza ubavu wa birika nikaukagua. Kitu kinachong'aa hukusanya kila kilichokuwapo siku ile, akasema. "Angalia kabla hujapeleka, kaka."

Wivu huo. Nimepeleka.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amenituma sokoni, kisha akanirudisha kubadilisha vitunguu. Nimekwenda mara zote mbili. Alimwambia jirani, nikisikia, kwamba hata wakuu ni lazima wajue vitunguu. Nilisimama wima kidogo.

Kesho mwenye kiwanda anakuja kuchagua, nami nitakuwa nimemwondolea yule mama uongo wa miaka mitatu bila yeye kujua. Wakwe wachache wamefanyiwa hivyo.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika haya nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Mwenye kiwanda amekuja saa nne. Mzee mfupi mwenye miwani mbili, moja ya kuonea mbali na moja ya kusomea. Bosi akanitambulisha kuwa kijana aliyeifanya kazi hii huku mama mkwe wake akiwa mahututi. Mzee akainuka kunipa mikono yote miwili. Alisema kazi ya namna hiyo haifanywi na kila mtu. Nikakubaliana naye.

Picha yangu ikawekwa kwenye televisheni kubwa ya ukutani. Mzee akaipenda. Aliipenda mpaka akabadilisha miwani. Akasema yeye ni mtu wa mabirika, kitu cha kwanza anachotazama ni tumbo la birika, hebu mkuze pale. Mwenye kushika kompyuta alikuwa Bi Kipimo. Akasita, akanitazama. Nikamwambia akuze tu.

Akakuza.

Ulikuwa uwanja wa mama mkwe, wote, umejikunja kwenye ubavu wa chuma. Kwenye kamba, mama mkwe anaanika shuka. Mbele ya ukuta, mama mkwe anapita na ndoo, lakini hajakamilika, ukuta unaonekana kupitia kifuani kwake. Na katikati, mkubwa kuliko mdomo wa birika, mama mkwe ameinama na kumnyooshea kidole kila aliyekuwamo chumbani.



Bosi akasogea mpaka karibu na ukuta. "Huyu si mama mkwe wako?"

Nikasema amepata nafuu.

Akaanza kuhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu. Akageuka. "Wote watatu?"

Mzee wa mabirika alikuwa amevua miwani zote. Akauliza kwa sauti ya chini kama yule ambaye ukuta unaonekana kupitia kwake ndiye aliyefariki. Bi Kipimo akamweleza kwa upole kwamba mtu akitembea wakati unapiga zile mara saba, kompyuta humshika nusunusu. Hakuna aliyefariki. Mzee akashusha pumzi. Bosi hakushusha.

Akaniuliza picha nimeipiga lini. Ningeweza kusema mwaka jana. Nilishafungua mdomo. Lakini chini kabisa ya birika, kati ya miguu ya stendi, kulikuwa na magoti mawili yaliyochuchumaa, yamevaa suruali ile ile niliyokuwa nimeivaa leo. Ina kiraka.

Picha iliyochaguliwa ni ya Bi Kipimo. Alipopongezwa alisema asante mara moja, akaenda kuzima televisheni. Nilidhani atafurahi zaidi. Hata hapo alinipunja.

Jumanne, 12 Machi

Bosi hakunifukuza. Kuanzia leo nakata vijiko kwenye picha, kimoja kimoja, kuondoa kilicho nyuma yake, vijiko mia tatu na kumi. Kiti changu ni kile kile.

Saa kumi na moja jioni akaja nyumbani, yeye na Bi Kipimo, na kikapu cha matunda. Kilikuwa kimeshanunuliwa kwa ajili ya mgonjwa, na Bosi si mtu wa kuona kitu kinaoza. Mama mkwe akawakaribisha sebuleni. Bosi akasema amefurahi kumkuta mzima.

"Kwani nilikuwaje?" mama akauliza.

Wakamweleza. Kwa adabu, bila kuongeza chumvi, jambo lililofanya iwe mbaya zaidi. Mama akawa anaitikia tu, "Ehe. Ehe." Kisha Bosi, katika kumaliza mazungumzo, akamtambulisha Bi Kipimo: huyu ndiye mkuu wetu mpya wa kitengo cha picha.

Mama akaacha kumenya ndizi. "Vitengo vya picha mnavyo vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Na kabla ya huyu binti, mkuu alikuwa nani?"

Bosi akasema hakukuwa na mkuu. Mama akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Ningependelea hasira. Akala ndizi yake mpaka mwisho, akawasindikiza wageni hadi getini, akarudi, akavua kilemba.

"Mwanangu, umesema mimi ni mahututi."

Nikasema ndiyo, mama.

"Basi nimelala."

Akaingia chumbani kwake akapanda kitandani. Kutoka humo akanieleza kwamba mgonjwa hafagii, hafui, hateki maji, hapiki. Ugonjwa wake utachukua wiki nzima. Kama sina nafasi ya kumuuguza, kuna fundi cherehani anavitaka vile vyumba viwili tangu mwaka jana, na ni mtu ambaye kazi yake inajulikana.

Mke wangu aliporudi nikamweleza yote. Akasikiliza huku ananyoosha vidole vyake vilivyochoka kusuka. Akasema ningesema naumwa mimi. Watu wangeniangalia tu wakaamini.

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya nne ya ugonjwa. Mgonjwa ana hamu nzuri ya kula. Uji wa asubuhi umerudi mara mbili, wa kwanza una mabonge, wa pili hauna moto. Akihitaji kitu hugonga kikombe kwa kijiko. Nimeanza kuusikia mlio huo hata nikiwa kazini, ila kule nahisi ni vijiko vyenyewe.

Nimefagia uwanja. Ni mkubwa kweli. Ukiupiga picha hauonekani mkubwa hivi.

Mchana majirani wawili walikuja kumjulia hali. Nilikuwa nje ya dirisha lake nikianika, nikasikia wakimuuliza ni nani anayemhudumia. Nilisubiri. Mama akakohoa kidogo, kikohozi cha kubuni kabisa, akasema, "Mkwe wangu. Mkuu wa kitengo. Ameacha kazi zake zote." Majirani wakasema una bahati, mama.

Nimebaki pale na shuka mkononi mpaka maji yakaingia kwenye viatu.

Nilifikiri kumshukuru. Nikafikiri zaidi, nikaona maelezo ni mepesi: bado ana imani kwamba cheo kitakuja. Mama huyu anaona mbali. Nisimwangushe.

Jumatatu, 18 Machi

Vijiko mia moja na arobaini. Bi Kipimo amekuja mezani kwangu, akasimama kwanza, kisha akavuta kiti. Akasema kuna jambo hakuweza kulisema mbele za watu. Ningemwambia tu. Kupiga anga ni kazi kama kazi nyingine, Bosi angetupa siku na gari, wala hapakuwa na haja ya kumlaza mtu hospitali. Anga langu lilikuwa zuri kuliko lake, akasema. Mwanga wa uwanja ule haujawahi kuupata. Tatizo lilikuwa watu kutembea tu.

"Alhamisi nakwenda kupiga lingine kwa ajili ya sufuria. Twende wote, kaka. Mimi nitakuonyesha namna ya kuwafuta watu."

Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu.

Kwa hiyo amekiri. Langu ni zuri kuliko lake. Sasa anataka kujua siri.

Jumanne, 19 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, nikilinganisha kila hatua. Wengine wangesema kosa ni uongo. Hapana, uongo ulifanya kazi yake vizuri na ulidumu siku tano. Wala kosa si kamera. Bi Kipimo mwenyewe kasema: tatizo ni watu kutembea. Nahitaji mahali penye anga la wazi na wakazi wasiotikisika.

Leo wakati wa chakula nimevuka barabara mpaka makaburini. Nimekaa robo saa nzima nikiangalia. Ukuta mfupi, anga kutoka pembe hadi pembe, jua halizuiliwi na kitu. Na katika robo saa hiyo hakuna hata mmoja aliyesogea.

Nitakwenda Alhamisi saa sita, peke yangu, kabla ya Bi Kipimo kufika huko anakokwenda. Bosi nitamwambia nina mazishi. Na kwa kuwa nitakuwa makaburini kweli, hakuna atakayeweza kusema nimedanganya.

Kilichobaki ni marehemu. Nina wajomba wawili, wote wazima. Mkubwa hapendi kupigwa picha, kwa hiyo nimemchagua yeye.